Mapigo ya Saa Mbili Asubuhi

Ifrane, Jumapili 12 Februari 1995

Ichou,

Daftari lako limefika jana. Nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani, maana mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Januari yote mapigo yako ya moyo ya asubuhi yalikuwa arobaini na mbili, arobaini na tatu, na siku ile ya mafua arobaini na sita. Nikakusifu mbele ya hawa sita nilio nao hapa kambini, nikawaambia mwoneni mwenzenu wa Midelt, anafanya mazoezi peke yake, hana wa kumsukuma, na moyo wake umetulia kama maji ya mtungi. Ramadhani imeingia, na ghafla naona hamsini na tano, hamsini na saba, hamsini na nane. Siku tisa mfululizo.

Nimefundisha waendesha baiskeli miaka ishirini na sita. Moyo wa mtu aliyelala usiku haupigi hivyo saa mbili asubuhi. Moyo wa mtu aliyekesha ndio unaopiga hivyo. Wala usiniletee habari za saumu. Hawa sita wanafunga kama wewe, wanapanda baiskeli saa ile ile kabla ya kufuturu, na mapigo yao hayajapanda hata manne.

Ramadhani za miji midogo nazijua vizuri. Tarawehe ikiisha vijana wanajazana mkahawani, karata zinachanganywa, chai inamiminwa, na wanarudi nyumbani daku ikiliwa. Nilikuruhusu ubaki Midelt kwa sababu mji wenu uko juu kama Ifrane, na kwa sababu ulinililia kwamba nyumbani hakuna mwanamume mwingine wa kumwangalia mama yako. Sikukuruhusu ili uwe bingwa wa karata.

Orodha ya timu naipeleka Casablanca tarehe ishirini na tano. Mko saba na nafasi ni sita za mbio za kuizunguka nchi mwezi wa nne. Jina lako ni la tatu, limeandikwa kwa penseli, na kifutio ninacho mfukoni. Jieleze.

Kocha wako,
Abdesslam Zerwali


Midelt, 16 Februari 1995

Kocha,

Barua yako ilisomwa kwa sauti. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo, barua ikija dada yangu Touda anaisoma na mama anasikiliza huku akisokota sufu. Kwa hiyo mama amelisikia neno karata.

Hukujua, basi jua sasa. Baba yangu alimaliza Ramadhani kumi na mbili mkahawani, na kila asubuhi alimwapia mama kwamba alikuwa msikitini. Mama alimwamini miaka yote hiyo na akachekwa mtaa mzima. Baba akafa bado anaapa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, nikamwahidi mama kwamba neno langu litakuwa neno. Tangu jana ananitazama kama alivyokuwa akimtazama yule.

Sijakanyaga mkahawa. Saa tatu na nusu usiku niko kitandani. Naamshwa daku, nakula, nalala tena, na saa mbili asubuhi nahesabu kabla ya kutia mguu sakafuni, sekunde sitini kamili, kama ilivyoandikwa kwenye ile karatasi uliyonipa mwezi wa kumi. Namba naziandika zilivyo. Ni wewe uliyesema kwamba ukimkuta mtu anaremba daftari utamfukuza siku hiyo hiyo. Sasa sikuremba, na bado unanifukuza?

Halafu niambie hili. Juzi nilipanda Talghemt, ule mlima wetu, koo limekauka, imebaki saa moja tufuturu, nikatumia dakika thelathini na moja. Januari nilitumia thelathini na tatu, tena nimekunywa chupa nzima ya maji. Anayekesha kwenye karata anapanda mlima hivyo?

Andika barua nyingine. Andika kwamba umekosea, Touda aisome, mama asikie. Hilo tu.

Ichou Oubaha


Ifrane, 19 Februari 1995

Ichou,

Dakika thelathini na moja, na aliyeshika saa ni nani? Ni dada yako, bila shaka. Hata mimi ningekuwa na dada mwema hivyo ningekuwa bingwa wa dunia.

Nilitaka ukiri mwenyewe, kiungwana, lakini naona umekaza shingo. Haya. Kuna mtu wa Midelt aliyepita hapa, mtu mwenye heshima zake, na amekuona kwa macho yake. Usiku wa Jumamosi tarehe kumi na moja, mkahawa ulio mkabala na stendi ya mabasi, karata mkononi. Jina lake silitaji, maana najua vijana mlivyo. Bado utaapa?

Kuanzia leo hugusi baiskeli siku kumi. Itundike ukutani. Moyo ukishuka chini ya arobaini na nane nitajua umeanza kulala kama binadamu. Jina lako nimelifuta na mahali pake nimemwandika Nabil, na penseli bado ninayo. Ukikiri kabla ya tarehe ishirini na tano nitakurudisha. Sitaki faini wala kupigiwa magoti, nataka mstari mmoja tu kwa mkono wako: Kocha, ni kweli. Nimewahi kuwasamehe waliofanya mabaya kuliko hayo. Asiyekubali kosa lake ndiye sijawahi kumchukua kwenye timu.

A. Zerwali


Midelt, 22 Februari 1995

Kwa Kocha Zerwali,

Mimi ni Touda, yule dada mwema. Kaka yangu amekataa kukuandikia tena, na mimi sijakatazwa.

Kwanza shahidi wako. Usiku wa Jumamosi tarehe kumi na moja theluji iliangusha nyaya, mji mzima ukakosa umeme tangu magharibi, na mkahawa wa stendi ulifungwa kabla hata ya tarawehe. Mwenye mkahawa ni jirani yetu, alikuja kwetu kuomba mishumaa. Huyo bwana wako mwenye heshima alimwona kaka yangu akicheza karata gizani, mlango umefungwa kwa kufuli? Mpe salamu, ana macho ya paka.

Pili, mapigo. Ulivyoandika kwamba moyo wa aliyelala haupigi hivyo nilikasirika, kisha nikaona heri nizihesabu mwenyewe. Siku tano sasa nimeshika mkono wa Ichou na saa yangu. Nahesabu saa kumi na nusu alfajiri tunapomwamsha ale daku, kabla hajainua kichwa. Halafu anakula, na anavyokula unamjua: bakuli mbili za supu ya harira, mkate na asali, mayai, kahawa ya maziwa. Analala tena, na saa mbili nahesabu mara ya pili. Haya ndiyo niliyopata.

Jumamosi: kabla ya daku 42, saa mbili 57.
Jumapili: 41, na 56.
Jumatatu: 43, na 58.
Jumanne: 42, na 57.
Leo: 41, na 55.

Moyo wake haujachoka, Kocha. Tumbo limejaa na moyo unalifanyia kazi, hata sisi wa shule ya sekondari tunalijua hilo. Ulimpa karatasi inayosema saa mbili asubuhi, naye kwa utiifu wake wa punda akahesabu saa mbili asubuhi, mwezi wa Rajabu, wa Shaabani na wa Ramadhani. Hao sita wako wanahesabu saa ngapi? Wewe unakaa nao meza moja, hebu waulize.

Sasa nikuambie hali ya nyumbani. Tangu barua yako ya pili, mama anatandika godoro lake mlangoni na kulala hapo, ili kaka yangu akitoka usiku amkanyage. Amemwambia neno moja tu: "Kiri, mwanangu, baba yako hakukiri hata siku moja." Ichou alitoka uani akakaa kwenye theluji bila koti mpaka nikaenda kumvuta. Namba ninazokutumia nimemsomea mama pia. Amesema mimi nampenda kaka yangu kupita kiasi, kwa hiyo ninyamaze.

Kuna siku tatu kabla ya orodha yako. Kalamu na bahasha havikosekani Ifrane.

Touda Oubaha


Casablanca, 26 Februari 1995

Allal, fundi wangu na rafiki yangu,

Orodha nimeikabidhi jana. Nabil yumo, Ichou hayumo. Nakuandikia wewe kwa sababu tangu jana sijapata usingizi na hapa hotelini hakuna wa kuambiwa.

Tarehe ishirini na nne, nikienda kupanda basi, nilipewa barua ya dada yake Ichou. Kamechambua kama mwanasheria, kale kasichana. Nimeisoma njia nzima na ni kweli tupu. Unakumbuka usiku wa kwanza wa Ramadhani, mezani pale kambini? Wewe ulikuwa unamenya chungwa. Niliwaambia vijana: mwezi huu achaneni na saa mbili, hesabuni kabla ya daku, tumbo likiwa tupu. Nawaambia hivyo kila mwaka, miaka ishirini na sita. Na kila mwaka wote huwa mezani. Huyu ni wa kwanza ninayemfundisha kwa posta, na nilidhani nikishatamka mezani dunia nzima imesikia. Midelt sikuandika. Nilisahau, Allal, basi.

Utaniuliza kwa nini sikubadilisha jina, barua ninayo mfukoni. Wanakamati walikuwa wanne mezani, na yule katibu wa suti ya bluu alianza tena wimbo wake wa kocha kutoka ng'ambo, kocha mwenye kompyuta. Ulitaka niwaambie kwamba mimi, mtu wa miaka sitini na mmoja niliyefunga tangu utotoni, nimemkata mwendeshaji wangu bora kwa sababu nilisahau kuwa ni Ramadhani? Wangecheka mpaka Idi. Nikafunga mdomo.

Na yule shahidi hayupo. Nilimtunga. Ni mbinu yangu ya siku zote, unamwambia kijana kuna mtu amekuona, anajikojolea na kukiri. Kwa wengi imefanya kazi. Safari hii nilimkuta asiye na la kukiri.

Mwakani nitamweka wa kwanza, nakuapia. Ichome barua hii.

Abdesslam


Ifrane, 28 Februari 1995

Abdesslam,

Sijaichoma na siichomi. Mikono yangu imejaa grisi nikikuandikia, utanisamehe madoa, na kama hutanisamehe shauri yako.

Miaka kumi na tisa nakutengenezea magurudumu. Nimekuona ukitukana watu, ukivunja pampu kwa hasira, ukimshusha mtu baiskeli katikati ya mvua. Nikasema ni moto wa kazi. Lakini hili la kumtungia kijana shahidi, mama yake akalala mlangoni, hili si moto wa kazi. Huu ni unyama. Unasema unaogopa kuchekwa. Huyo kijana anachekwa wapi? Anachekwa ndani kwao, na aliyemzaa.

Na usidhani Nabil anafurahi. Goti lake limevimba, amekuja karakana kwangu ananiuliza kama kuna namna ya kumwambia Kocha hayuko tayari bila kutukanwa. Wanakuogopa wote. Hata namba zao wanazokupa sijui sasa kama ni za kweli, maana na wewe umewafundisha kwamba ukweli haulipi.

Idi ni Ijumaa. Nakupa mpaka Jumatatu baada ya Idi. Uwe umemwandikia Ichou, kila kitu, na la shahidi pia. Usipofanya hivyo, barua yako ninayo na stempu ninayo.

Allal


Ifrane, 2 Machi 1995

Mwanangu Ichou,

Nakutakia Idi njema wewe, mama yako na dada yako mwenye akili.

Nimetafakari sana juu ya suala lako. Orodha imeshakwenda, na kwa sababu za kiufundi, ambazo ni ndefu kuzieleza kwa barua, safari hii utakuwa mchezaji wa akiba. Yaliyosemwa juu ya usiku ule tuyaache, pengine kulikuwa na kutoelewana pande zote. Mapumziko ya siku kumi hayakudhuru, miguu huwa inashukuru. Kuanzia kesho rudi barabarani, saa mbili kwa siku, gia nyepesi. Halafu katika miezi ya mfungo, hili ni jambo dogo, hesabu mapigo kabla ya daku.

Mwakani ni zamu yako. Neno langu ndilo hilo.

Kocha wako,
Abdesslam Zerwali


Ifrane, 7 Machi 1995

Ichou, mwanangu,

Mimi ni Allal, fundi wa kambi. Ndani ya bahasha hii kuna barua aliyoniandikia Kocha tarehe ishirini na sita. Nilimpa muda aseme mwenyewe. Jana usiku nilimuuliza kama amekuandikia, akaniambia amekuandikia. Nikamuuliza kama ameandika yote, akainuka akaenda kulala.

Mimi ni fundi, sijui kupanga maneno. Isome, msomee mama yako. Nilipaswa kuituma wiki iliyopita, na kwa hilo nakuomba radhi.

Allal Sefrioui


Midelt, 10 Machi 1995

Abdesslam Zerwali,

Sikuiti Kocha.

Jambo dogo, umeandika. Hesabu kabla ya daku, jambo dogo. Ulikuwa na ukweli mfukoni, ukaukalia basi zima mpaka Casablanca, ukaingia nao kwenye chumba, ukamwona mtu mwenye suti ya bluu, ukaogopa. Mimi ulinitaka nijivue nguo mbele ya mama yangu kwa kosa ambalo sikulifanya. Wewe hukuweza kuwavulia hata kofia watu wanne kwa kosa ulilolifanya. Halafu unanitakia Idi njema.

Idi yetu nikuambie ilivyokuwa. Mama alimchinjia jogoo mgeni na mwenyeji, akampa kila mtu mkono, mimi akanipa shavu upande mmoja. Nilipokwenda kunawa nikamkuta ameshika koti langu puani, ananusa kama lina moshi wa sigara za mkahawani. Mimi nina miaka ishirini na nne. Nilirudi chumbani nikauma mto.

Kuna kitu Touda hakukuandikia kwa sababu hakijui. Usiku wa tarehe ishirini na mbili, barua yake ikiwa imeshaondoka, nilichukua kalamu nikaandika: Kocha, ni kweli, nilicheza karata. Niliandika na kutia sahihi. Niliitaka timu kiasi hicho. Miaka sita napanda milima hii upepo ukinipiga usoni, na mstari mmoja tu ungenipeleka. Sikuituma kwa sababu mama alikuwa amelala mlangoni, na ili niipeleke posta ilibidi nimruke. Nikasimama juu yake na bahasha. Sikuweza. Ungeipata ile barua leo ungekuwa unatembea kifua mbele, unasema, mnaona, mbinu yangu haijawahi kushindwa. Ungenifanya mwongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku kumi sikugusa baiskeli. Nilikutii hata katika hilo. Mjinga gani mimi.

Touda amemsomea mama barua uliyomwandikia fundi, neno kwa neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema karatasi moja ilimwambia mwanawe ni mwongo, sasa karatasi nyingine inamwambia si mwongo, na zote mbili anasomewa na msichana ambaye angemfia kaka yake. Akasema: "Aliyesema, aje aseme."

Basi nataka mambo matatu. Waambie hao sita, mezani, pale pale ulipowaambia wao ukanisahau mimi. Iambie kamati. Na uje Midelt umwambie mama yangu, usoni. Pole yako ya barua sina haja nayo, bahasha zako nimezichoka.

Ichou Oubaha


Ifrane, 14 Machi 1995

Kwa Kamati ya Timu ya Taifa ya Baiskeli, Casablanca

Waheshimiwa,

YAH: KUREKEBISHWA KWA ORODHA YA TIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 25 Februari niliwasilisha orodha ambayo ndani yake nilimwacha mwendeshaji Ichou Oubaha wa Midelt. Nilimwacha kwa kuwa mapigo yake ya asubuhi yalipanda wakati wa Ramadhani, nami nikahukumu kwamba alikuwa anakesha mkahawani.

Hukumu hiyo haikuwa sahihi. Waendeshaji walioko kambini niliwaagiza wahesabu mapigo kabla ya daku. Ndugu Oubaha, anayefanya mazoezi nyumbani, sikumwagiza. Yeye alihesabu saa mbili asubuhi, ameshakula, kwa kufuata maandishi yangu ya mwezi wa kumi. Nilisahau Ramadhani. Nilikuwa nimeshaujua ukweli huu nilipokaa mbele yenu tarehe 25, na sikusema. Aidha, nilimtajia shahidi ambaye hakuwepo.

Ndugu Nabil Chraibi mwenyewe anaomba kwa maandishi kuondolewa, kwa sababu ya goti, na barua yake nimeiambatisha. Naiomba kamati imrejeshe Ndugu Oubaha katika nafasi ya tatu, ambayo ni haki yake. Kama itaonekana kwamba mtu aliyefanya haya hafai kufundisha, sitapinga.

Wenu mtiifu,
Abdesslam Zerwali


Ifrane, 24 Machi 1995

Ichou,

Kamati imejibu. Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wananishukuru kwa miaka ishirini na sita na wanakubali kujiuzulu kwangu, ingawa nikiisoma barua yangu sioni mahali niliposema najiuzulu. Ukurasa wa pili wanasema orodha ikishapigwa muhuri haifunguliwi, na aliyeumia nafasi yake hubaki wazi. Wataendesha watano. Wamekubali kwenda watu watano kuliko kuandika jina lako upya. Nimepiga simu mara nne, nimetukana mara tatu, na safari ya nne yule katibu alinikatia.

Kwa hiyo nimeipoteza kazi na wewe sijakurudishia kitu. Nilitaka nikuletee japo nafasi yako mkononi. Nakuja mikono mitupu.

Kwa hao sita nilisema Jumamosi, wakati wa chakula cha usiku. Nilisimama. Nilisema yote, na la shahidi. Hakuna aliyenitazama. Kisha Nabil akauliza kwa upole kama yule mtu aliyemwona yeye akivuta sigara nyuma ya kambi miaka miwili iliyopita alikuwa mtu kweli. Nikasema hapana. Akaacha sahani yake akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tukabaki mimi na Allal.

Limebaki la tatu.

Abdesslam Zerwali


Midelt, Jumatatu 3 Aprili 1995

Zerwali,

Umekuja Alhamisi, na hukuandika kwamba unakuja. Mimi nilikuwa juu Talghemt, maana napanda hata kama hakuna wa kunichagua. Touda alikuwa shuleni. Ulimkuta mama peke yake.

Nimerudi jioni nikakuta vikombe viwili vya chai na sahani ya mgeni, ile ya maua isiyotolewa hovyo. Nikamuuliza nani alikuja. Akasema alikuja mzee mmoja wa mjini, amevaa tai, kofia ameishika mkononi. Hakutaka kukaa kwenye mto wa wageni, alikaa chini kabisa karibu na viatu. Akaanza kusema. Akasema sana, akajipiga kifua, akalitaja jina langu mara nyingi, mwishoni akalia machozi yakamwingia kwenye masharubu. Mama akamshika bega. Akamletea mkate, siagi na asali, akamlazimisha ale, na mzee akala huku analia. Kisha akaubusu mkono wa mama, akaondoka kuwahi basi.

Nikamuuliza mama umesema nini. Akanishangaa. Akasema atajuaje.

Bwana wewe, umenifundisha tangu mwezi wa kumi na hukuwahi kuuliza. Mama yangu hajui Kiarabu. Anajua salamu, bei ya sufu na dua zake. Maisha yake yote ni Kitamazight, lugha yetu ya nyumbani, na barua zako Touda huwa anamfasiria mstari kwa mstari. Umesafiri kutwa nzima, umejivua nguo mbele ya mwanamke mzee, umemwambia kila kitu, na hakuambulia hata neno moja. Umekula asali yetu ukaenda zako umejisikia mwepesi.

Nimecheka, nakiri. Nimecheka mpaka Touda akaja mbio. Halafu hasira ikanirudia yote, kwa sababu usiku ule mama alitandika godoro lake mlangoni kama kawaida.

Ningeweza kumwambia mwenyewe ulichokuja kusema. Touda pia angeweza. Sisi wawili tumekatazwa kuaminiwa, na hilo ni kazi ya mikono yako.

Jumatano ya tarehe kumi na mbili wenzangu watano wanaanza mbio bila mimi. Kabla ya siku hiyo nataka kulala usiku mmoja mlango ukiwa wazi. Kuna basi linalotoka Ifrane Jumapili alfajiri na kufika hapa saa tano. Siku hiyo Touda hana shule. Utakaa pale pale karibu na viatu, utasema upya tangu mwanzo, sentensi moja moja, na kila sentensi utamsubiri Touda amalize. Mwenye mkahawa wa stendi atakuwepo, anakijua Kiarabu na Kitamazight, na mama anamwamini. Touda akiongeza hata neno, yeye atasema. La shahidi usilipitie haraka. Mimi nitakuwa nimekaa mbele yako, na sitakusaidia.

Kwa jinsi ulivyolia, mama ananiuliza kila siku nani amekufa kwenu. Nimemwambia asubiri Jumapili.

Ichou Oubaha